Chaji haipotei, inavuja: kujitengenezea kipimo cha chaji ndogo Mwanza

Mwaka jana, mwezi wa nne, binti yangu wa kidato cha pili alirudi nyumbani Kirumba amenuna. Darasani walikuwa na jaribio la elektroskopu: unasugua rula ya plastiki, unaigusisha kwenye kitufe cha juu, na vijani viwili vyembamba vya ndani vinaachana kwa kuwa vyote vimepata chaji ya aina moja. Vyao viliachana, halafu vikalala kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Walirudia mara tano, vikalala mara tano. Mwisho wakaandika matokeo ya kitabuni. "Baba, kifaa chetu ni kibovu," akaniambia.

Mimi ni fundi wa redio na TV tangu enzi za redio kaseti, na kabla ya kumjibu nilitazama nje. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, upepo unatoka ziwani, chumvi ya mezani imeloa ndani ya chombo chake. Hewa ikiwa hivyo, kioo na plastiki hujivika utando wa maji usioonekana kwa macho. Utando huo ukichanganyika na vumbi na jasho la vidole, unapitisha umeme. Kifaa chao kilikuwa kizima, ila kilikuwa kinavuja. Ndoo ikiwa na tundu, hata ukiwa na kipimo kizuri namna gani cha maji, utapima nini?

Nilimwahidi kwamba tutatengeneza chetu. Tulikaa nacho miezi mitatu, jioni baada ya kazi, na haya ndiyo tuliyoyapata pamoja na makosa yetu. Nitaanza na plastiki na nta, kwa sababu humo ndimo tulimotumia muda mwingi. Transista zitafuata.

Kwanza elewa kwa nini mita ya mezani kwako haioni kitu. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, liweke juu ya kitu kisichopitisha umeme, ulipe chaji ya nanokulombu 1 (kulombu ni kizio cha chaji, na nano ni sehemu moja ya bilioni). Hizo ni elektroni zipatazo bilioni 6.24. Kapasitansi ya kopo la namna hiyo, yaani kiasi cha chaji linachobeba kwa kila volti, ni pikofaradi 10 hadi 20 (piko ni sehemu moja ya trilioni), kwa hiyo litakuwa na volti kati ya 50 na 100. Nyingi tu! Lakini mita ya kawaida ya digitali ina ukinzani wa megaomu 10 kati ya nyaya zake mbili. Ukigusa tu, sehemu kubwa ya chaji imeshatoroka kupitia ndani ya mita katika sehemu 2 za elfu kumi za sekunde. Kioo cha mita hakijawahi kuonyesha kitu kwa kasi hiyo. Utasoma sifuri na utaapa kwamba kopo halikuwa na chaji.

Ili kopo hilo litunze chaji kwa dakika moja na nusu hivi, ukinzani wa njia zote za kuvujia zikichukuliwa kwa pamoja unatakiwa ufike omu trilioni 5. Huo ndio ukubwa wa kazi.

Kuzuia uvujaji

Kosa langu la kwanza lilikuwa nailoni. Naishi karibu na Mwaloni, uzi wa nyavu na mishipi umejaa kila duka, nikaona nilining'inize kopo kwa mshipi. Siku ya jua lilikaa vizuri. Mvua ilipokuja chaji ikawa inakwisha ndani ya sekunde tatu. Nailoni hunywa maji. Inayanywa ndani yake yenyewe, kwa hiyo hata ukiifuta haisaidii. Usiitumie. Mbao usiifikirie kabisa, wala karatasi, wala bakelaiti ya soketi za zamani.

Vinavyofaa na vinapatikana hapa ni vitatu. Cha kwanza ni waya wa antena ya TV, ule mnene wenye waya mmoja wa shaba katikati. Plastiki nyeupe inayouzunguka huo wa katikati ni polithini, na polithini hainywi maji. Tafuta ule wenye plastiki ngumu, maana ule wenye povu huponda na kuingiza unyevu kwenye vitundu vyake. Cha pili ni ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba, ya kuzungushia nyuzi za bomba. Hiyo ni tefloni, na kwa kazi hii ni bora kuliko vyote, ila haina mwili wa kubebea kitu. Cha tatu ni mshumaa. Nta ya mshumaa ni kihami kizuri sana, yaani haipitishi umeme, na ina faida ambayo plastiki hazina: uso wake ukichafuka, unaukwangua kwa wembe safi na unapata uso mpya ambao hakuna mkono uliowahi kuugusa.

Kwa hiyo stendi yetu ni vipande vitatu vya mshumaa, kila kimoja sentimita 3, vimesimama ndani ya kopo kubwa. Juu yake kinakaa kikopo cha nyanya. Kopo kubwa ni kinga, kikopo cha ndani ndicho kinachopokea chaji. Makopo tulinunua Makoroboi, kwa mafundi wanaoyakata kutengeneza vibatari. Chagua kopo la chuma lililopakwa bati, kwa sababu risasi ya kulehemu inashika. Kopo la aluminiamu halishiki, utapoteza siku nzima.

Kusafisha: futa kila kihami kwa spiriti safi na pamba, ukishika kwa koleo, kisha anika juani nusu saa. (Nta usiianike, itakulainikia; hiyo kwangua tu.) Baada ya hapo usiguse kwa kidole. Nasema tena, usiguse. Alama moja ya kidole ni chumvi na mafuta, na chumvi inaita maji. Binti yangu alinishika kosa hilo mara mbili, nami nilimshika mara moja.

Kuna jambo moja lililotusumbua wiki nzima. Ukikwangua nta kwa wembe, nta yenyewe inapata chaji kwa msuguano, na kwa kuwa ni kihami kizuri, chaji hiyo haiondoki. Kipimo kinasoma kitu wakati kikopo hakina kitu. Dawa yake ni mwali wa kiberiti uliopitishwa kwa umbali wa shubiri moja: moto huifanya hewa ipitishe umeme kidogo, na hiyo chaji inazimwa.

Ndani ya kopo kubwa weka vile vidonge vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishashiba havinyonyi tena, kwa hiyo vimwage kutoka kwenye pakiti yake, vikaange kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo wa mkaa kwa saa moja hivi, viache vipoe ndani ya chupa iliyofungwa. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alifanya jambo hilohilo karne ya 19: ndani ya elektrometa zake, yaani vipimo vya chaji, aliweka asidi ya salfuriki ili inywe unyevu wa hewa. Sisi tuna vidonge vya viatu, na ni salama zaidi kwa watoto.

Nyakati za kupimia: Juni hadi Agosti, kati ya saa sita na saa tisa mchana, Mwanza ni pazuri kabisa kwa kazi hii. Masika na vuli, hasa asubuhi, utahangaika. Ukilazimika kupima siku ya mvua, washa taa ya balbu ya zamani karibu na kopo kwa dakika 20 kwanza, ipashe joto, kisha izime na uiondoe.

Kionyeshi cha transista moja

Hiki ni cha nusu saa, na watoto wanakipenda. Unahitaji transista ya FET, ile ambayo volti za mguu mmoja uitwao geti hufungua na kufunga njia ya umeme, ya aina ya chaneli N. BF245 au 2N3819 zinafaa. Kama una mizoga ya redio kaseti za Kijapani, tafuta kwenye sehemu ya FM transista ndogo iliyoandikwa K192. Inafanya kazi hiyohiyo. Kuitambua miguu yake tumia mita: miguu miwili itakuonyesha omu mia kadhaa sawa kwa pande zote mbili, hiyo ni dreini na sosi. Wa tatu, unaoonyesha dayodi kwenda kwa wote wawili, ndiyo geti.

Chanya ya betri ya volti 9 inaingia kwenye rezista ya omu 470, kisha taa ya LED, kisha dreini. Sosi inarudi kwenye hasi ya betri. Geti iache hewani, iungie kipande cha shaba cha sentimita 10 kutoka katikati ya waya wa antena. Taa itawaka. Sasa sugua kipande cha bomba la plastiki la maji kwa sweta la sufu, kilete taratibu kwa umbali wa hatua moja. Taa inazimika kabla bomba halijafika karibu. Bomba lina chaji hasi, linazisukuma elektroni za kwenye shaba ziende getini, na geti ikiwa hasi inafunga njia.

Kilicho kitamu ni kwamba kifaa hiki kinatofautisha hasi na chanya. Kitu chenye chaji chanya hakizimi taa kinapokuja, huizima kinapoondoka. Sababu ni kwamba kinapokuja, geti inapitisha kama dayodi na kujaziwa elektroni, na kinapoondoka zile elektroni zinabaki zimenaswa getini. Mwache mtoto aligundue hilo mwenyewe.

Lakini hiki hakipimi, kinaonyesha tu. Tena ukilishikilia bomba pale pale bila kulisogeza, taa itaanza kurudi polepole. Huo ni uvujaji wa ndani ya transista yenyewe, na joto likipanda nyuzi 10 unakuwa karibu mara mbili.

Kipimo chenyewe

Ili kupata namba, usijaribu kupima volti za kikopo moja kwa moja. Ipeleke chaji yote kwenye kapasita kubwa unayoijua, kisha upime volti za kapasita. Chaji ni kapasitansi mara volti, basi. Ukitumia nanofaradi 10, nanokulombu 1 itakupa milivolti 100. Na kuna zawadi ndani yake: kapasita hii ni kubwa kuliko kopo lako mara mia tano au zaidi, kwa hiyo uvujaji ule ule unachukua muda mrefu zaidi kwa kiasi hichohicho. Ukinzani wa omu bilioni 100 sasa unatosha kutunza chaji kwa zaidi ya dakika 15.

Kapasita iwe ya filamu, polipropilini au polistirini, ya volti 100. Zile bapa za seramiki za kahawia usitumie.

Moyo wa kipimo ni IC, yaani saketi nzima ndani ya kipande kimoja chenye pini, inayoitwa CA3140. Mimi niliagiza Kariakoo, ikaja na basi pamoja na mzigo mwingine. Pini namba 6 iunge na namba 2, ili IC irudishe volti zilezile inazopokea bila kuzinyonya. Betri mbili za volti 9 ziunge mfululizo. Pale katikati ndipo sifuri yetu, na panaungwa na kopo kubwa. Chanya ya juu iende pini 7, hasi ya chini pini 4, na kila moja iwekee kapasita ya nanofaradi 100 kwenda sifuri. Mita yako, ikiwa kwenye milivolti 200, ikae kati ya pini 6 na sifuri. Hapo mita haiwezi kudhuru, kwa sababu anayeibeba ni IC.

Pini namba 3 ndiyo ya kupokea. Kabla ya kuchomeka IC, ikunje pini hiyo ielekee juu, isiguse bodi kabisa. Bodi zina mabaki ya dawa ya kulehemu na yanavuja kuliko unavyodhani. Hewani pale ilehemu rezista ya megaomu 1, na mwisho wa pili wa rezista ukutane na kapasita ya nanofaradi 10 na waya wa shaba unaotoka kwenye kikopo cha ndani. Waya huo upite kwenye ukuta wa kopo ukiwa bado na plastiki yake nyeupe. Rezista ni ya kulinda IC: mtu aliyejaa chaji anaweza kubeba nanokulombu 500, na kapasita yetu itapanda hadi volti 50. Megaomu 1 inahakikisha kinachoingia kwenye IC ni maikroampia 50 tu, ambayo inaivumilia.

Usifunge swichi ya kurudisha sifuri. Swichi zinavuja. Tumia kipande cha waya kilichoungwa kwenye kopo kubwa, gusa nacho kikopo cha ndani, ondoa.

Sasa jaribu namba zako. Chukua kapasita ya pikofaradi 100, shika mguu mmoja tu, ichaji kwa betri ya volti 9, kisha mguu ulioshika uguse kopo kubwa na mwingine kikopo cha ndani. Chaji ya kapasita ndogo inagawana na kubwa, na hesabu inasema utasoma milivolti 89. Sisi tulisoma 86. Kapasita zetu zimeandikwa asilimia 5, kwa hiyo tuliridhika, na tangu siku hiyo tunasahihisha kila kipimo kwa tofauti hiyo. Mita ikionyesha sehemu ya kumi ya milivolti, maana yake unaona pikokulombu 1.

Kisha pima uvujaji. Gusa sifuri, ondoa waya, hesabu sekunde kumi. Yetu ilihama milivolti 3. Hiyo ni mikondo midogo ya IC yenyewe: nanofaradi 10 mara milivolti 3, gawa kwa sekunde 10, unapata pikoampia 3. Karatasi ya kiwanda inataja 10, kwa hiyo hali ni nzuri. Baada ya hapo panda hadi milivolti 100 na uangalie inavyoshuka. Asubuhi moja ya mvua ilifika 37 kwa sekunde 20; gawa sekunde 20 kwa nanofaradi 10, unapata omu bilioni 2. Nilimwonyesha binti yangu hesabu hiyo, akasema, "Kumbe tunaweza kupima huo uvujaji wenyewe." Nilifurahi kuliko ningefurahia alama yoyote ya mtihani.

Maana wapo waliofanya hivyohivyo na kupata jambo kubwa. Mwanafizikia Mfaransa Coulomb aliona chaji ikivuja kwenye vyombo vyake mwaka 1785. Karne nzima na zaidi watu walilaumu vihami. Mwaka 1912 mwanafizikia Victor Hess alipanda puto hadi kilomita 5 na zaidi akiwa na elektrometa zilizofungwa vizuri, akakuta juu zinavuja haraka kuliko chini. Kulikuwa na mnururisho, yaani mionzi, unaotoka angani, unaovunja hewa ya ndani ya chombo. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1936 kwa uvujaji ambao wengine waliuona ni usumbufu.

Ukitaka kupunguza zaidi mikondo ya IC kuna LMC662, ambayo inanyonya kwa kawaida femtoampia 2 (femto ni ndogo kuliko piko mara elfu). Lakini tahadhari: haivumilii zaidi ya volti 16, na betri zetu mbili ni 18. Utaiua papo hapo. Ipe betri nne ndogo za volti 1.5, mbili kila upande, na angalia pini zake upya, haziko mahali pamoja na za CA3140.

Jaribio letu la kwanza la kweli lilikuwa mchele. Kijiko kimoja cha mchele mkavu, kimepitishwa kwenye bomba la plastiki la sentimita 30, kikadondokea kikopo cha ndani. Ilisoma milivolti 190 hivi, yaani karibu nanokulombu 2. Kikopo kikiwa kirefu kuliko upana wake, haijalishi mchele umetua wapi ndani yake. Mwanasayansi Michael Faraday alionyesha hilo kwa ndoo mwaka 1843. Unapomimina, usisogeze waya wa antena, maana waya ukipindwa unazaa chaji yake. Na kabla ya kukaribia, gusa kopo kubwa kwa mkono ili shati lako la poliesta lisivuruge namba.

Jambo moja silikubalii mjadala. Usiunganishe kifaa hiki na waya wowote ulio nje ya nyumba, wala mlingoti, wala antena ya juu ya bati. Ziwa letu ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na nyingi hupiga usiku juu ya maji. Mwanafizikia Georg Wilhelm Richmann alifia Saint Petersburg mwaka 1753 akitazama kifaa chake cha kupimia chaji wakati wa mvua ya radi, waya wake ukiwa umetoka paani.

Mwezi wa saba mzee mmoja mwenye vizimba vya sato aliniletea kipimo chake cha pH, cha kujua maji yana asidi kiasi gani (7 ni katikati, chini yake ni asidi). "Fundi, hiki kila maji kinasema 7. Ya ziwani 7, ya bombani 7." Nikakamulia limau kwenye kikombe, nikachovya. 6.8. Limau! Kijiti cha kioo cha pH kinatoa milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH, lakini kina ukinzani wa mamia ya megaomu ndani yake, na volti hizo ni sifuri pale penye 7. Kitu kikivuja kwenye soketi, volti zote zinamezwa na namba zinarudi 7. Mwingine angeuza kijiti kipya. Nilifungua soketi, nikaikuta ina ukungu wa maji na kidoa cha kijani. Nikaisafisha kwa spiriti, nikaianika juani mpaka saa kumi, nikachovya tena kwenye limau lilelile: 2.4. Mzee akakitazama, akanitazama, akaomba nichovye mara ya pili. Nikamzungushia tepu ya mafundi bomba kwenye soketi, nikamwekea vidonge vya viatu kwenye mfuko wake, nikamwambia kila akitoka ziwani akifungue kwanza kabla ya kunywa chai.